Dawa ya Maziwa Niliyoiacha Mlangoni

Wiki iliyopita niliishia mlangoni kwa mkwe wangu. Niliweka kifurushi cha dawa na kichupa cha samli juu ya kigoda, nikakohoa ili ajue kuna kitu, nikaondoka bila kusema neno.

Kwa aliyelikuta gazeti hili leo kwenye kiti cha kinyozi, nitarudi nyuma kidogo.

Mimi ni Luhende, mkazi wa Butimba, mgane. Mwanangu Revocatus anaendesha lori la mizigo. Mkewe, Kemilembe, ni mwalimu, Mhaya wa Muleba, na alipojifungua mtoto wa kiume, Revo alikuwa amekwama Burundi na lori bovu. Nyumba ikabaki na watu watatu: mimi, mkwe wangu na kichanga aliyepewa jina langu.

Maziwa ya mama yalikuja kwa kusuasua. Nilimsikia jirani yetu Dorotea akisema uani, "La kushoto linatoa. La kulia linaringa kama bibi harusi." Nami sikukaa. Nilikwenda Mirongo kwa mzee Chenge, muuza dawa za asili, ambaye zamani tulikaa naye dawati moja kwenye masomo ya jioni. Akanipimia uwatu uliosagwa, akachanganya na majani makavu ya mlonge, akaniongezea na samli.

"Kijiko kimoja kwenye uji wake wa ulezi," Chenge alisema, "na samli kidogo, maana uwatu ni mchungu. Anakunywa mama. Mweleze vizuri."

"Nitamweleza," nikasema.

Sikumweleza. Kwetu Usukumani baba mkwe haingii chumbani kwa mkwe wake, hamtazami machoni, wala hazungumzi naye habari za mwili wake. Kwao Buhaya ni hivyohivyo. Mimi na ukoo wa Kemilembe tunabishana hata juu ya namna ya kupika ndizi, lakini katika jambo hilo tulikubaliana kabla hatujakutana. Nikaamini kwamba dawa, kama mgeni mstaarabu, ingejitambulisha yenyewe.

Haikujitambulisha. Sikieni ilivyofanya.

Kesho yake mtoto alilia tangu alfajiri. Hakikuwa kile kilio cha kitoto cha kudai haki yake. Kilikuwa kilio cha mtu aliyedhulumiwa.

Dorotea akatoka chumbani amebeba beseni. Yeye ni Mkerewe, muuza samaki, na tangu mke wangu afariki ndiye mdomo wangu na masikio yangu mbele ya mkwe.

"Shikamoo, Mzee Luhende."

"Marahaba. Kuna nini humo ndani?"

"Amelikataa ziwa."

"Amelikataaje?"

"Analishika, anakunja uso, analitema. Halafu anapiga kelele, anamtazama mama yake kama kawekewa chumvi kwenye chai."

"Na dawa niliyoleta, anaitumia?"

"Eh! Anaitumia sana, Mzee. Asubuhi na jioni, haruki. Mwenyewe anasema dawa ya baba haichezewi."

Nikafarijika. Nikasema labda tumbo tu, litapita.

Halikupita. Jioni alikataa tena. Asubuhi iliyofuata alikataa. Tulijaribu maziwa ya kopo kwa kijiko, akayatapika yote kwenye bega la Dorotea. Sauti yake ikaanza kukwaruza kama redio inayoishiwa betri.

Dorotea na Kemilembe wakampeleka zahanati. Mimi nilikaa nje ya geti nimeshika kofia mkononi, namwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua.

Wakatoka. Dorotea alikuwa anacheka!

"Amenyonya, Mzee!"

"Amenyonya?"

"Pale pale mbele ya nesi! Tena nesi ametufokea. Anasema mtoto ananyonya vizuri kabisa, maziwa yapo ingawa si mengi, mama aendelee kumweka ziwani mara kwa mara. Anasema tunampotezea muda."

Tulirudi nyumbani kama watu wanaotoka harusini. Kemilembe alitangulia mbele yetu na nikasikia akimwimbia mwanawe kwa Kihaya. Nilinunua sato wa supu. Nilijiona mshindi.

Kabla supu haijachemka, kilio kikaanza tena.

Ndipo nilipoogopa kweli. Mtoto ambaye zahanati ananyonya na nyumbani hanyonyi! Basi ubaya uko wapi, kama si humu nyumbani? Nilitazama kuta nilizozijenga mwenyewe, nikatazama mlango, nikatazama jiwe kubwa lililo nyuma ya choo, na vyote vikaonekana kunificha kitu.

Sikuwa peke yangu kufikiri hivyo. Dada yangu Hellen, shangazi yake Revo, alifika kesho yake kumekucha tu, kabla sijanawa uso. Hakubisha hodi. Hellen hajawahi kubisha hodi maishani mwake.

"Luhende! Nimesikia."

"Umesikia nini, dada? Hata salamu?"

"Salamu gani wakati mjukuu wa kaka yangu amebemendwa?"

Kubemenda, kwa asiyejua, ni kumdhuru kichanga kwa uzinzi. Watu husema mzazi akitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya, mtoto hudhoofika, hulikataa ziwa, na mwisho hufa.

"Punguza sauti," nikamwambia. "Mama yake yuko ndani."

"Asikie! Ndiyo maana nimekuja asubuhi, asikie akili yake ikiwa safi. Mume yuko Burundi. Mtoto anakataa maziwa ya mama yake mzazi. Wewe uliyesoma, niambie maana yake ni nini."

"Zahanati amenyonya."

"Zahanati kuna Msalaba ukutani!"

Akaingia chumbani, akatoka na mtoto, akanipakatisha mikononi. Mjukuu ni mtani wa babu yake. Huyo naruhusiwa kumshika hata kutwa nzima. Lakini siku hiyo nilitamani nisingemshika. Alikuwa mwepesi. Midomo imekauka. Nilipopitisha kiganja juu ya kichwa chake, utosi ulikuwa umebonyea kama shimo la bao.

"Mtazame," Hellen akasema. "Mtazame, halafu unieleze tena habari za zahanati."

Hellen akatoa simu, akampigia Revo, akaweka sauti kubwa pale pale uani, chini ya dirisha la Kemilembe.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Ongea na baba yako. Mimi nimeshamaliza."

"Baba? Ni kweli anayosema shangazi?"

"Revo, mwanangu..."

"Ni kweli mtoto amekataa ziwa?"

"Ni kweli amekataa."

"Na mke wangu? Kuna mtu anakuja hapo nyumbani?"

"Hakuna mtu."

"Una uhakika, Baba? Unaweza kuniapia?"

Nilipaswa kuapa. Tangu aolewe, Kemilembe hajapita mbele yangu bila kuinama, hajala kabla sijala. Lakini utosi ule ulikuwa chini ya kiganja changu, na woga ulikuwa umeninywa akili.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Mimi mchana nalala kidogo."

Nikasikia magari ya Burundi yakipita.

"Basi kama wewe uliyeko hapo hujui," Revo akasema, "mwambieni nisimkute."

Simu ikakatika. Ndani ya chumba kitu kikaanguka, kama kijiko cha bati kwenye sakafu. Hellen akajifunga kanga yake kiunoni.

"Mimi naenda kanisani kumwombea mtoto. Wewe kaa na aibu yako."

Akaondoka. Nikabaki uani na mjukuu wangu.

"Haya, mume mwenzangu," nikamwambia. "Wametuacha wawili. Unataka nini? Sema na babu."

Akageuza kichwa kwenye mkono wangu, akaanza kutafuta. Midomo ikapapasa, ikakutana na kifundo cha kidole changu. Akakidaka.

Ndugu msomaji, alinyonya! Alikinyonya kidole kikavu cha mzee kwa nguvu ambazo sikujua zimebaki ndani yake. Mashavu yakaingia ndani, yakatoka, macho yamefumba.

Nikashangaa. Mtoto aliyebemendwa ananyonya namna hii? Huyu hajakataa kunyonya. Kuna kitu anachokikataa.

Alipogundua kidole hakina kitu, akakiachia na kulia. Nikatazama kidole changu. Kilikuwa na mafuta. Na kwenye kona ya mdomo wake, chini ya shavu, kulikuwa na utando wa manjano, kama mchuzi uliokauka.

Nikanusa. Harufu ya binzari iliyoungua. Nikapeleka kidole kwenye ulimi.

Uchungu!

Uwatu. Uwatu na samli.

Nilitema mate mara hiyo hiyo, mwili mzima ukasisimka, maana nilielewa nilichokionja kilitoka wapi, na hakuna baba mkwe anayepaswa kuonja kitu cha namna ile. Lakini hofu hiyo ilipitwa na nyingine, kubwa zaidi.

Alikuwa anapaka!

Nikaona kila kitu kwa mkupuo. Unga wa manjano na kichupa cha samli, vimewekwa mlangoni na mzee asiyesema. Nani angewaza uji? Mtu yeyote angewaza kuchua. Amekuwa akichua matiti yake na ile dawa asubuhi na jioni, kwa utii. Na siku ya zahanati, kwa haya ya kuonekana na manjano mbele ya nesi, alioga vizuri kwanza. Ndiyo maana kule mtoto alinyonya!

Marehemu mke wangu alimwachisha Revo ziwa kwa kupaka mwarobaini. Kila mama wa kanda hii anajua: ukitaka mtoto aliache ziwa, lipake uchungu. Mimi nilinunua dawa ya kuongeza maziwa na kuifanya dawa ya kumwachisha mtoto ambaye hata kitovu hakijakauka sawasawa.

Nikaenda mlangoni kwa Kemilembe. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nilimsikia akilia kwa kujizuia, jinsi walimu wanavyolia, bila sauti ya kuwafikia wanafunzi.

Nikamlaza mtoto kwenye mkeka wa mlangoni. Nikakohoa.

Sasa hapa ndipo mtanihukumu, na mna haki. Mama wa mtoto alikuwa nyuma ya pazia. Maneno yenyewe hayazidi pumzi moja. Nilifungua mdomo.

"Mtoto huyo," nikasema.

Basi. Mkono wake ukatoka chini ya pazia, ukamchukua mtoto. Mimi nikageuka, nikavaa viatu, nikaenda kumtafuta Dorotea. Nilikwenda kutafuta mwanamke wa kuyabeba maneno yangu, hali mwenye kuyahitaji yuko nyuma ya kitambaa cha pazia.

Dorotea asubuhi huwa mwaloni Luchelele kununua samaki. Nikachukua bodaboda. Nilimkuta juu ya mawe, ameshika kamongo kwa mkia, anamtukana mvuvi.

"Huyu kamongo ni wa jana! Macho yake yameshatubu!"

"Dorotea!"

"Mzee Luhende! Mwangaluka. Leo umekuja kutuchagulia samaki?"

"Ile dawa. Kemilembe anaitumiaje?"

Akacheka, akitazama pembeni kwa ajili ya heshima yangu. "Mzee, na wewe! Si anachua? Asubuhi na jioni, anachua na samli, anajifunga kanga juu yake ili joto lisitoke. Mimi ndiye niliyemwelekeza. Nilimwambia, dawa za Kisukuma hizo, usipunguze. Na mtoto alipozidi kukataa, nikamwambia azidishe."

"Dorotea. Ilikuwa ya kunywa. Kwenye uji."

Kamongo akamponyoka mkononi.

"Ya kunywa?"

"Ya kunywa."

"Mama yangu mzazi!" Akajishika kichwa kwa mikono yote miwili, na magamba yakabaki kwenye kilemba. "Unga na samli, Mzee! Unga na samli! Mtu angejuaje? Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

"Haya! Na mtoto anakufa kwa njaa mbele ya chakula! Umemwambia Kemi?"

"Nimekuja kukuchukua wewe ukamwambie."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa namna ile na mwanamke ambaye si mama yangu. Alilitupa beseni lake kwa mvuvi yule yule aliyekuwa akimtukana, akapanda pikipiki nyuma yangu, tukarudi Butimba mshikaki, watu watatu juu ya kiti kimoja, Dorotea akisali kwa sauti sikioni mwangu.

Pazia lilikuwa limefunguliwa. Chumba kilikuwa wazi, kitanda kimetandikwa vizuri. Kabati halina nguo za mtoto. Kile kichupa cha samli kilikuwa dirishani, kimebaki na tone, na kifurushi cha Chenge hakipo. Alikuwa amekibeba. Alikuwa amembebea mwanawe ile dawa, ili amtibu njiani!

"Kemi!" Dorotea akaita. "Mama Luhende!"

Jirani wa upande wa pili akachungulia juu ya ukuta. "Ameondoka na begi. Bodaboda ya Nyegezi. Amesema anaenda kwao."

Dorotea akapiga simu ya Kemilembe. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

"Mabasi ya Bukoba yanaondoka asubuhi hii," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Mzee, akishapanda basi, ni siku nzima njiani. Na anapaka, Mzee. Atapaka hata ndani ya basi. Mtoto hafiki Muleba."

"Twende."

Yule kijana wa bodaboda akatikisa kichwa. Mafuta yalikuwa yanaelekea kuisha, watu wawili hawafiki.

"Nenda wewe," Dorotea akasema.

"Mimi? Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo, Mzee! Mungu alikupa mdomo wa kazi gani?"

Sitasimulia ile safari. Niseme tu kwamba nilimwona kila mama aliyebeba mtoto kando ya barabara, na kila mmoja alikuwa Kemilembe, na hakuna aliyekuwa Kemilembe.

Tulifika stendi ya Nyegezi na basi la Bukoba linatoka getini. Kijana akalikata mbele, akasimamisha pikipiki katikati ya njia. Breki za basi zikalia. Kondakta akatoa kichwa.

"Wewe mzee! Unatafuta kufa, nenda ziwani, kule kuna nafasi!"

"Mkwe wangu yumo ndani. Nifungulie."

"Kila mtu ana mkwe! Toa pikipiki!"

"Nifungulie, mwanangu. Kuna mtoto anakufa."

Mlango ukafunguka.

Nilimwona kabla sijamaliza ngazi. Alikuwa kiti cha dirishani, katikati ya basi, kanga ya manjano kifuani. Aliponiona alijifunika uso akageukia kioo. Mtoto alikuwa mapajani mwake, amefungwa kwenye shali nyeupe.

Halii. Siku zote hizo niliomba anyamaze, na sasa alikuwa amenyamaza.

Pembeni ya Kemilembe alikaa mama mnene mwenye kikapu cha matunda. Nikasimama karibu naye, nikatazama paa la basi.

"Mama, shikamoo... samahani, habari za asubuhi. Naomba umwambie mkwe wangu huyo kwamba nina neno."

Mama akanitazama, akamtazama Kemilembe. "Si huyu hapa? Mwambie mwenyewe."

"Desturi yetu hairuhusu."

Abiria wakacheka. Kondakta akapiga bati la basi kwa kiganja. "Mzee, mambo ya desturi shukia nayo chini! Tuna ratiba!"

Kemilembe akazungumza, uso bado kwenye kioo. Naye hakusema na mimi. "Mama, mwambie baba nimefukuzwa na mwanawe. Nami nilimsikia baba mwenyewe kwa masikio yangu. Alisema hajui."

Mama wa matunda akanigeukia. Hakucheka tena. "Anasema amefukuzwa. Anasema ulisema hujui."

"Mwambie..." nikaanza.

Nikatazama lile shali. Halikutikisika.

Na pale pale, mbele ya basi zima, kitu nilichorithi kwa baba yangu, naye kwa baba yake, kikanikatika mdomoni kama uzi.

"Kemilembe!"

Akashtuka. Sijawahi kumwita kwa jina tangu aingie nyumbani kwangu.

"Kemilembe mwanangu, ile dawa ni ya kunywa. Siyo ya kupaka. Ilikuwa uinywe kwenye uji, uongeze maziwa. Ni uwatu, ni mchungu. Matiti yako yana uchungu, mtoto anatema uchungu, hakukatai wewe! Yaoshe. Yaoshe sasa hivi, na mdomo wake uuoshe. Hukumkosea mtu. Mtoto hajabemendwa. Ni mimi. Nilileta dawa nikaona haya kusema."

Hakuna aliyecheka. Hata kondakta alikuwa ameshusha mkono.

Kemilembe aligeuza uso kutoka kwenye kioo. Macho yake yalinigonga, nami nikageuka haraka, nikampa mgongo, nikashika chuma cha juu kwa mikono miwili ili nisianguke.

Nyuma yangu nikasikia watu wakihama.

"Maji! Nani ana maji?"

"Chukua haya, ni safi, sijayafungua."

"Shika kanga, tumkinge. Na nyie wanaume, tazameni mbele! Mbele kule!"

Maji yakamwagika sakafuni, yakapita karibu na viatu vyangu. Yalikuwa na rangi ya manjano. Nikayatazama yakiteremka kuelekea mlangoni, na harufu ya uwatu ikajaa basi zima.

"Sugua vizuri, binti. Na hili lingine."

"Tayari. Mweke."

Nikasubiri.

"Mwekee vizuri, inua kichwa."

"Hafungui mdomo."

"Mguse kidevu. Mguse kidevu kidogo."

"Kamua tone kwanza, lidondoke mdomoni."

"Bado."

"Ongeza jingine. Mtoto, wee mtoto. Luhende anaitwa? Luhende! Amka baba, amka unywe."

Jina langu, likiitwa na mwanamke nisiyemjua, kwa sauti ile wanayotumia watu kumwita anayekwenda zake. Nikang'ang'ania chuma. Nilitaka kuuliza, "Ameshika?" Mdomo uliotoka kusema maneno yote yale ukakataa kusema hilo moja.

Sauti za wanawake zikakoma zote kwa pamoja.

Nikamwona dereva, kule mbele, akitazama kwenye kioo chake cha juu. Yeye aliweza kuona. Alitazama kwa muda, uso wake hauniambii kitu. Kisha akanyoosha mkono, akazima injini.

Basi likanyamaza. Nikasikia hata kuku waliofungwa chini ya viti wakipumua.

Na katika kimya hicho, sauti ya Kemilembe, sauti iliyokaa nyumbani kwangu muda wote huo bila kuelekezwa kwangu hata mara moja, ikaniita mimi, bila mtu katikati:

"Baba. Geuka."